Mume Wangu Alipouza Kona

Ile shule ya ufundi sikuipenda tangu siku mume wangu alipoitaja, na mpaka leo nikipita mahali ilipokuwa nageuza uso. Watu wa Gisenyi wanaokumbuka wanasema mume wangu alikuwa mwalimu mwema, aliwatoa vijana kwenye kubeba mizigo akawatia mwiko wa kujengea mkononi. Sawa. Waseme. Mimi nasema habari ya nyumba yangu, maana wao hawakuwa wanalala ndani yake.

Mume wangu alikuwa masoni, fundi wa kujenga kwa mawe. Miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, Gisenyi ilikuwa inajengwa kila upande: nyumba za Wazungu kando ya ziwa, maduka ya Waarabu na Wahindi, ofisi. Kuta zilikuwa za lile jiwe jeusi la volkano, ambalo mgeni akiliona anafikiri limeungua jikoni. Ni jiwe kaidi. Lina vitundu kama mkate, na lina kiu. Ukilijenga kavu linakunywa maji yote ya chokaa, na ukirudi unakuta katikati ya mawe kuna unga tu, unapeperuka na upepo. Lazima linyweshwe kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi wanawake, kupanda na maji kutoka ziwani na kuyamwagia mawe. Hapo ndipo nilipomjua mume wangu, mimi na debe kichwani, yeye juu ya jukwaa akinifokea kwamba namwosha miguu badala ya kunywesha mawe.

Masoni wa mji walikuwa kundi moja. Walikuwemo Waislamu wa kwetu Mbugangari, walikuwemo Wakristo wa kando ya ziwa, na wengine waliotoka ng'ambo ya mpaka, Goma na zaidi ya Goma. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa huko ng'ambo, mrefu, mwenye mikono iliyoliwa na chokaa mpaka ikawa kama magome. Yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu kazi, tangu mume wangu ni kijana asiye na baba. Siku ya ndoa yetu ndiye aliyesimama mahali pa baba. Kwa hiyo mimi nilimwita baba mkwe, naye aliniita mkwe wangu, na nilimpigia magoti nikimpa maji ya kunawa. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Kundi lile lilikuwa na sheria zake. Jumapili, kazi ya Mzungu ikilala, wote walikwenda kujenga nyumba ya mmoja wao, bure, kwa zamu. Kila mmoja alikuja na mwiko wake na mawe yake, na mwenye nyumba alipika. Hiyo ilikuwa sheria ya kupendeza. Nyingine ilikuwa hii: kona hafundishwi mtu.

Ukuta wa katikati mtu yeyote mwenye subira anajifunza. Kona ni kitu kingine. Lile jiwe jeusi halichongeki likawa kama tofali. Kona yake inashikwa na mawe marefu yenye mikia: mkia wa hili unaingia ukuta huu, mkia wa lile la juu yake unaingia ukuta wa pili, na yote yanalala kidogo kuelekea ndani. Ukikosea, kona inafunguka na kuta zinaachana. Basi fundi akifika kwenye kona, alimtuma msaidizi wake. "Nenda ulete maji." Maji yapo, pipa limejaa. "Nenda tu." Msaidizi akirudi, jiwe limeshakaa na chokaa imeshafunika mkia. Mtu aliweza kuota ndevu, akaoa, akapata watoto, na bado anatumwa maji. Mpaka siku mzee akimtazama na kusema, "Leo usiende." Mume wangu aliambiwa hivyo mwaka ule alionioa, na kwa wenzake jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko harusi yenyewe. Walikula na kucheka kuliko walivyokula harusini kwangu.

Zamu yetu ya nyumba ilipofika, tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja mchuuzi ambaye aligombana na moshi wangu kila asubuhi kana kwamba nilikuwa nauwasha ili kumkomoa. Kiwanja tulikuwa nacho. Kila Jumapili masoni walikuja, nikawapikia maharagwe na viazi vya Mudende, na kuta zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Kona zote mzee alizijenga kwa mikono yake, kwa mawe aliyoyachagua mwenyewe. Nilikuwa nasimama kwenye ule uwazi wa mlango na mtoto mgongoni, nikiwaza kitanda nitaweka wapi.

Ndipo kipande cha jiwe kikamrukia mume wangu kazini, kikamwingia jichoni. Jicho likafa.

Yule Mzungu mwenye kazi za kando ya ziwa alisema hataki mtu wa jicho moja juu ya jukwaa. Mume wangu akamjibu mbele ya wote, "Bwana, hawa wakitazama uzi wa timazi wote wanafumba jicho moja. Mimi langu limeshajifumba." Watu wakacheka. Mzungu hakucheka. Nilikuwepo, na debe langu. Nilimtazama mzee, maana neno lake Mzungu alikuwa akilisikiliza. Alikuwa amesimama mikono nyuma. Hakufungua kinywa. Mume wangu akatelemshwa, akawekwa kubeba mchanga pamoja na sisi wanawake, na aliyepanda mahali pake ni yule msaidizi wake wa jana.

Alibeba mchanga kwa muda. Halafu siku moja akarudi na kaptula mpya ya kaki, na mfukoni ana chaki.

Nikamwuliza, "Hiyo chaki ya nini?"

"Nimepata kazi."

"Kazi gani ya chaki? Wewe hata jina lako unaliandika kama unachimba mtaro."

"Ile shule ya ufundi inataka moniteri wa kujenga. Nimekwenda, direkta amenikubali."

Moniteri ndivyo walivyowaita walimu wetu weusi. Direkta, mkuu wa shule, alikuwa Mzungu.

"Na mzee umemwuliza?"

"Mzee aliponyamaza juu ya jicho langu, aliniuliza?"

Neno hilo lilinichoma. Alikuwa amekwenda bila kuniambia hata mimi.

Jumapili iliyofuata masoni walikuja kama kawaida, lakini mzee hakuvua koti. Alikaa juu ya jiwe, chakula nikamwekea, hakukigusa.

"Bon, haya," akasema. "Nasikia we iko mwalimu sasa."

"Ndiyo, baba."

"Utafundisha nini?"

"Kazi."

"Ukuta, fundisha. Kuchanganya chokaa, fundisha. Kona hapana. Kona haiko ya kwako. Mi nilikupa ya kula, sikukupa ya kugawa. Vijana ya Muzungu ikishajua kona, Muzungu atatuita sisi ya nini? Donc, basi unisikie. Siku nitasikia umefundisha kona, mikono yetu inatoka kwa hii nyumba. Na kila mutu anabeba mawe yake."

Mume wangu akatazama chini. Masoni mmoja kijana, mwenye mdomo mrefu, akaona ni wakati wa kuchekesha watu. "Shemeji," akaniambia, "hii viazi unatupikia ya nini? Pikia bwana yako chaki, ndiyo chakula yake sasa."

"Nikianza kupika chaki," nikamwambia, "wewe ndiye utakayekuja kuomba ukoko."

Wakacheka, wakapanda ukutani, wakajenga. Lakini hawakuimba siku ile.

Walipoondoka nilimshika mume wangu. Sikumficha. Mzee nilikuwa nimeshamchukia kwa kule kunyamaza kwake, lakini katika habari ya kona nilikuwa upande wake, kwa sababu nilitaka paa. "Fundisha ukuta," nikamwambia. "Fundisha mchanga. Nyumba ikishaezekwa, fundisha hata kaburi. Kabla ya hapo, kona hapana." Akasema ndiyo. Alikuwa mtu wa kusema ndiyo.

Akafanya hivyo. Kule shuleni, kila walipofika kwenye kona, aliwatuma wanafunzi wake maji. Walikuwa vijana wakubwa, wengine wametoka vilimani, wanajua kulima na kuchunga, si wajinga. Uani kwa shule kukasimama kuta nzuri, zimenyooka, kila moja peke yake, hakuna iliyoshikana na mwenzake. Niliziona nilipompelekea chakula. Zilikuwa kama watu waliogombana msibani. Direkta naye akaziona. Akamwuliza mume wangu kama nyumba za Gisenyi hazina kona. Mume wangu akajibu kwamba watafika. Direkta akamwambia kwamba kabla ya mvua wanafunzi wajenge chumba kizima, pembe zote, la sivyo ataleta moniteri mwingine kutoka Bukavu.

Haya aliniambia wakati wa kula, huku anamega ugali na kuurudisha.

"Mwache alete," nikasema. "Utarudi kwenye mchanga. Mchanga na nyumba ni bora kuliko chaki na mvua."

"Leo nimemtuma mmoja maji," akasema, kana kwamba hakunisikia. "Alikuwa na debe limejaa mkononi. Akaondoka nalo limejaa, akarudi nalo limejaa. Hata hakulimwaga ili kunidanganya. Akaliweka mbele yangu, akanitazama."

"Wewe hukutumwa? Ulikufa?"

"Sikufa. Nilimchukia mzee."

"Ulimpenda. Mpaka leo unampenda, ndiyo maana unakosa usingizi."

"Vyote viwili," akasema.

Nilidhani maneno yamekwisha hapo. Ningemjua vizuri zaidi, ningekwenda kulala kiwanjani na panga.

Jumamosi nilitoka na debe langu kwenda kunywesha mawe kwa ajili ya kazi ya kesho yake. Nilipokaribia kiwanja nikasikia nyundo. Nikafurahi, nikadhani masoni wamekuja mapema. Nikageuka kwenye njia, nikaona wanafunzi wa shule wamesimama duara, kaptula zao zote za rangi moja, na katikati yao mume wangu amepiga magoti. Kona ya mbele ya nyumba yangu haikuwepo. Alikuwa ameifungua, jiwe baada ya jiwe, akayapanga mawe kwenye majani kwa taratibu, mikia inaonekana, kama nyama ya ng'ombe aliyechinjwa ikingojea kugawanywa. Kuta mbili zilikuwa zimebaki zinatazamana, na katikati yao niliona mgomba wa jirani.

Debe nililiangusha.

"Unafanya nini?"

"Nawaonyesha."

"Kwenye nyumba yangu?"

"Kona haionekani ikishajengwa, mama. Lazima ifunguliwe. Na nyumba ninayoweza kuibomoa bila kuomba ruhusa ni hii tu."

"Na ruhusa yangu?"

Akafuta chokaa mkononi. Hapo mwanafunzi mmoja mwenye adabu za kutafuta ugomvi akajipeleka mbele. "Mama, usisikitike, tutairudisha vizuri sana."

"Mimi si mama yako," nikamwambia. "Na wewe kuirudisha nyumba ya watu utaweza wapi, hata kamasi yako hujui kuirudisha."

Wenzake wakaangalia miguu yao. Mume wangu akaokota jiwe refu, akalishika kwa mikono miwili, akaendelea pale alipoachia: "Sasa tazameni huu mkia. Unakwenda wapi?" Nikaondoka. Nilipofika barabarani bado nilikuwa nasikia sauti yake, na ilikuwa sauti ambayo kwangu hajawahi kuitoa, ya mtu aliyeshiba.

Mji wetu haukuwa na siri. Kesho yake masoni walikuja, bila miiko, na mikokoteni. Mzee alikuwa mbele. Walitazama kona iliyofunguliwa. Hapakuwa na aliyetukana. Ningependa wangetukana. Kila mmoja alijua mawe yake. Yaliyoletwa kutoka ufukweni yalikuwa na rangi yake, yaliyoletwa kutoka upande wa Mudende yalikuwa na yake. Walianza juu, kwenye madirisha, wakashuka. Kazi ya miezi na miezi ilikuwa inapakiwa mbele yangu kama viazi siku ya soko. Yule mwenye mdomo mrefu siku ile hakuwa na la kuchekesha.

Na mume wangu? Mume wangu alisimama akawasaidia kupakia. Wallahi. Aliwashikia mawe mazito, akawaambia, "Angalia vidole, bwana." Katika maisha yetu yote sijamchukia mtu yule kama nilivyomchukia saa ile.

Nikaenda kwa mzee. Sikupiga goti.

"Baba mkwe, unabomoa nyumba ya mjukuu wako?"

"Mkwe wangu, mi sina ugomvi na wewe."

"Unao. Mvua ikija haitamnyeshea direkta. Itaninyeshea mimi na huyu." Nikamgeuzia mgongo amwone mtoto.

"Bwana yako ameuza kona."

"Na jicho lake nani aliliuza? Ulisimama pale mikono nyuma. Neno moja tu. Ulimfundisha kila kitu ukamnyima neno moja."

Masoni wakaacha kupakia. Mzee akaninamia, akasema pole pole, na hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo likanizidishia yangu. "Kama ningesema, Muzungu angefukuza wote. Wote, unasikia? Mi nilikuwa na watu ya kulisha."

"Na yeye hana?"

"Bebeni," akawaambia watu wake. Wakabeba.

Mwisho yakabaki yale mawe ya kona, kwenye majani, yamepangwa vile vile kama darasa. Hayo yalikuwa ya mzee mwenyewe. Kijana mmoja akainama kuyachukua. Mzee akamzuia kwa mguu.

"Hayo acha. Yameshaonekana."

Wakaondoka. Hata sahani zangu walikuwa wameziacha kifudifudi kama nilivyozipanga, hazikuliwa kitu.

Nilibaki na msingi, na mawe machache ya kwetu, na lile rundo la kona. Mume wangu akakaa juu ya mchanga. Nilimwacha akae. Nilikusanya sahani, nikamnyonyesha mtoto, na hasira yangu nikaitafutia kazi, maana bila kazi ingenila mimi.

"Kesho walete," nikamwambia.

"Nani?"

"Hao vijana wako. Direkta si anataka chumba kizima? Chumba ni hiki. Nyumba imekufa kwa ajili yao, waifufue wao."

"Na mawe?"

"Wana miguu. Milima yote imejaa mawe."

Akacheka. Nikamwambia asicheke, sijamsamehe, akainuka kukung'uta mchanga.

Vijana wakaja. Direkta aliruhusu, akaona amepata chumba chake cha mfano bila kutafuta kiwanja. Walishuka na mawe kutoka shambani kwa watu, kichwani, siku baada ya siku. Mimi niliyanywesha, na kila aliyejenga jiwe kavu nilimfokea mbele ya moniteri wake. Kona ya kwanza ilitoa tumbo kama mwanamke wa miezi minane. Mume wangu akaibomoa, akawaanzisha upya. Ya pili ikasimama. Huyo aliyekuwa akiondoka na debe limejaa ndiye aliyeilaza mikia yake, na hakuniangalia hata siku moja, wala mimi sikumpa uji mwingi kuliko wenzake.

Mvua za mwezi wa tisa zilitukuta na chumba kimoja tu chenye bati. Yule mama mchuuzi alikuwa ameshatutoa. Tulijibana humo na mtoto na vyombo, vyumba vingine viko wazi, maji yanaingia mlangoni, na mimi kila usiku namwambia mume wangu alichotufanyia, mpaka usingizi unikamate. Ilipofika kiangazi nyumba ilikuwa imeezekwa yote. Masoni walipita barabarani kwenda kazini na hawakusalimu. Nasi hatukuwasalimu.

Baada ya hapo, Jumamosi moja, mume wangu akiwa shuleni, mzee alikuja peke yake. Nilimwona kupitia dirishani, nachambua maharagwe. Alisimama kwenye kona ya mbele. Akaipitisha kiganja toka chini mpaka mkono ulipofika, akaisukuma kwa bega, kama wanavyosukuma wao. Haikutikisika. Akazunguka mpaka mlangoni, akangoja. Kati yetu ulikuwa umbali wa kutupa harage. Alijua nimo, moshi ulikuwa unatoka.

Alikohoa. Sikutoka. Akakohoa tena, akaita, "Mkwe wangu." Nikaendelea na maharagwe. Akasimama kidogo, akaenda zake.

Jioni mume wangu akauliza kama kuna mtu aliyekuja, maana njiani wamemwambia wamemwona mzee upande wa kwetu. Nikamwambia hakuna aliyekuja. Aliniangalia na jicho lake moja, akavuta sahani, akala.

Ningemwambia, angekimbia usiku ule ule kwenda kumshika miguu. Wangepatana. Jumapili wangekuja wote na miiko yao, wangekaa kwenye kivuli cha ukuta wangu na kusema yaliyopita yamepita, shemeji, chakula kiko wapi. Nami ningetakiwa kuwapikia. Sikutaka kuwapikia, na mpaka leo sitaki.